Siku 21 za Karantini, na Kodi ya Nyumba Haisubiri

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Fizi katika Kivu ya Kusini, ingawa nimekulia kambi ya Nyarugusu huko Kigoma. Tangu mwaka 2016 ninaishi katika mji mmoja wa Ohio, Marekani, ambako ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Kwa kuwa Kiingereza changu kinaeleweka na nina gari, familia zinazokuja kutoka kambini zimezoea kunipigia simu kwa kila jambo, kuanzia barua ya umeme hadi miadi ya daktari wa meno.

Wiki iliyopita shule ya msingi ya mtaa wetu ilituma barua ikisema kwamba mwanafunzi mmoja ameugua surua, na kwamba mtoto yeyote asiye na uthibitisho wa chanjo atakaa nyumbani siku 21. Familia mbili ninazozisaidia zimeingia matatani. Ya kwanza ina wazazi na watoto watano, na imefika hapa mwaka mmoja na nusu uliopita. Baba anafanya kazi mchana na mama usiku katika kiwanda cha kuku, na zamani mama alilala wakati watoto wako shuleni. Sasa watoto watatu wako nyumbani mchana kutwa, jirani aliyekuwa akimlea kitinda mimba amekataa kumpokea kwa hofu, na mama amefikia hatua ya kusinzia mbele ya mashine ya kukatia nyama. Amekwisha kukosa zamu mbili, na msimamizi wake amemwonya. Kadi za chanjo za watoto hazionekani.

Familia ya pili ni ya mama mmoja kutoka Burundi, anayeishi peke yake na watoto wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa miezi minane. Kesi yake ya kuomba hifadhi haijaamuliwa na hana bima. Yeye hataki kusikia neno chanjo, kwa sababu alitumiwa sauti kwenye WhatsApp inayosema kwamba chanjo ya surua huleta usonji. Pia anaamini kwamba akiandikisha jina kliniki, litafika kwa maofisa wa uhamiaji.

Mimi mwenyewe nimekwisha kuwanunulia chakula na kuchangia kodi ya nyumba ya mwezi uliopita, na mume wangu ameniuliza kama alioa mke au alioa shirika. Kazini nako mwenzangu mmoja amesema mbele ya watu kwamba sisi wageni ndio tulioleta ugonjwa huu. Shangazi, nianzie wapi, na wajibu wangu unaishia wapi?

Mchovu, Ohio

*

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza maswali mawili, nami nitalijibu la kwanza kwa urefu, kwa sababu ukianza vizuri, hilo la pili litakuwa limejibika kwa sehemu kubwa.

Usianzie kwenye kodi ya nyumba, wala usianzie kwenye mabishano ya WhatsApp. Anzia kwenye mfuko wa IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Unaujua, kwa sababu bila shaka nawe uliubeba mkononi uwanja wa ndege: ule mfuko mweupe wa plastiki wenye nembo ya buluu ambao mkimbizi huambiwa asiuachie mpaka afike. Familia iliyoletwa Marekani kwa mpango wa wakimbizi mara nyingi huwa imepata baadhi ya chanjo kabla ya safari, na chanjo hizo huandikwa katika fomu iitwayo DS-3025, inayowekwa pamoja na picha za eksirei na karatasi za vipimo. Wazazi wengi huitafuta kadi ya kliniki waliyoizoea, ile ya karatasi ngumu, wala hawafikirii kwamba chanjo za watoto wao zimo katika fomu ya Kiingereza iliyolala chini ya kitanda ndani ya mfuko huo. Nenda uufungue pamoja na mama. Ukiikuta fomu, ipeleke kwa muuguzi wa shule na uombe iingizwe katika kumbukumbu za chanjo za jimbo, na huenda baadhi ya watoto wakarudi darasani mara moja. Usipoikuta, ulizia kwenye kliniki iliyowapima walipofika, na katika shirika lililowapokea, kwa kuwa huko mara nyingi hubaki nakala.

Ikiwa karatasi hazipatikani kabisa, mtoto achanjwe upya. Kurudia chanjo ya surua kwa mtoto aliyekwisha kuipata hakumdhuru, na muda unaopotea kwa kuwinda kadi ya kambini, kule Kasulu, ni mwingi kuliko unaohitajika kumpeleka idara ya afya ya kaunti. Marekani ina mpango wa serikali kuu, ulioanza mwaka 1994, unaotoa chanjo bila malipo kwa watoto wasiozidi miaka 18 ambao hawana bima au wanastahili Medicaid, yaani bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Kliniki inaweza kutaja ada ndogo ya kudunga sindano, lakini mtoto aliye katika mpango huo hairuhusiwi kumnyima chanjo kwa sababu mzazi hana ada hiyo. Mzazi asiyejua hilo husikia kiasi cha fedha, akageuka na kwenda zake, kwa hiyo mwambie kabla hajafika dirishani.

Kuna hesabu ya saa ambayo lazima uielewe. Mtu asiye na kinga akichanjwa ndani ya saa 72 tangu akutane na mgonjwa, chanjo inaweza kumkinga au kuupunguza makali ugonjwa, na mara nyingi idara ya afya humruhusu arudi shuleni. Baada ya saa hizo, chanjo haifuti karantini iliyokwisha kuanza. Kwa watoto wa familia ya kwanza huenda dirisha hilo limekwisha kufungwa, na wazazi watakuuliza kwa nini basi wahangaike sasa. Jibu lake ni hili: surua haiji mara moja ikaisha. Kila mgonjwa mpya atakayetokea katika darasa huweza kuanzisha upya hesabu ya siku 21 kwa wale wasio na chanjo. Katika mlipuko wa Columbus, hapo hapo Ohio, ugonjwa uligunduliwa Novemba 2022 na ukatangazwa kwisha Februari 2023. Waliougua walikuwa watoto 85, karibu wote hawakuwa na chanjo kamili, na 36 kati yao walilazwa hospitalini, ingawa kwa rehema za Mungu hakuna aliyefariki. Fikiria mama wa kiwanda cha kuku akipigwa na karantini mbili au tatu katika kipindi kama hicho. Mbele ya wazazi hawa, kwa hiyo, usiitetee chanjo kama suala la afya peke yake. Waeleze kwamba mtoto aliyechanjwa leo hatamkosesha mama mshahara safari ijayo, na hilo watalielewa upesi kuliko takwimu zozote.

Kuhusu siku zilizobaki za karantini hii, sikubaliani na namna watu wengi wanavyosaidia, yaani kuleta mfuko wa mchele mlangoni na kuondoka. Mchele ni mzuri, lakini mama huyu anachokosa ni usingizi, na mtu anayesinzia mbele ya kisu cha mashine anaweza kupoteza vidole kabla ya kupoteza kazi. Karantini inawakataza watoto kutoka na kuchanganyika na wengine, lakini kwa kawaida haimkatazi mtu mzima mwenye kinga kuingia nyumbani mwao, na idara ya afya itakuthibitishia hilo kwa simu moja. Tafuta basi wanawake wanne au watano wa kanisani ambao wana uthibitisho wa dozi mbili za chanjo, ambao hawana mimba wala mtoto mchanga nyumbani, wapangiane zamu za asubuhi, saa tano au sita tu kila siku, wakae na watoto huku mama amelala chumbani. Huo ndio msaada mkubwa kuliko wote katika barua yako, na hauhitaji dola hata moja.

Kuhusu kazi, usimwache mama azungumze na msimamizi peke yake. Omba idara ya afya iandike barua kwa kila mtoto, yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza karantini, kisha barua hizo zipelekwe ofisi ya wafanyakazi na mama abaki na nakala. Lakini usimdanganye kwamba sheria inamlinda kikamilifu, kwa sababu haimlindi. Sheria ya mwaka 1993 ya likizo ya familia na ugonjwa inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi, na mfanyakazi aliyetimiza miezi 12 na saa 1,250 za kazi. Inampa hadi wiki 12 bila mshahara kumuuguza mtoto aliye mgonjwa sana, lakini mtoto mzima wa afya aliyezuiwa tu asiende shule kwa kawaida haingii humo. Ohio nayo haina sheria ya jimbo inayomlazimu mwajiri kulipa siku za ugonjwa. Maana yake ni kwamba mtoto akiugua kweli, mama ana haki ya kudai likizo hiyo, na asipougua, anategemea busara ya mwajiri pamoja na barua ya idara ya afya. Nimeona waajiri wakilegea mbele ya karatasi yenye muhuri wa kaunti baada ya kuwa wakali mbele ya maneno matupu.

Sasa kodi ya nyumba. Piga 211, namba ya huduma za jamii, uombe mkalimani wa Kiswahili, na uulize ni shirika gani la Community Action linalohudumia kaunti yenu, kwa sababu mashirika hayo, yaliyoanzishwa kutokana na sheria ya mwaka 1964 ya kupambana na umaskini, mara nyingi ndiyo yenye mfuko wa kodi za dharura. Fedha zao huisha, kwa hiyo familia iombe kabla ya tarehe ya kulipa, isisubiri deni. Mwenye nyumba naye aandikiwe mapema, kwa maandishi na si kwa simu, akielezwa sababu na siku ambayo mshahara utarudi. Ikiwa hata hivyo atabandika mlangoni notisi ya siku tatu ya kuhama, mwambie baba asianze kufunga mizigo. Kwa sheria ya Ohio notisi hiyo ni hatua ya kabla ya kesi, na mwenye nyumba haruhusiwi kubadilisha kufuli wala kutupa vyombo nje bila amri ya mahakama. Nawajua watu wetu: wamefukuzwa katika nchi tatu, na wakiona karatasi mlangoni huondoka usiku uleule kwa aibu, wakaacha haki yao nyuma. Ikifika mahakamani, wasikose kuhudhuria, na wamtafute wakili wa msaada wa kisheria wa bure.

Chakula nakigusa kwa ufupi. Mpango wa WIC, wa kina mama wajawazito na wanaonyonyesha na watoto walio chini ya miaka mitano, haubagui kwa hati za uhamiaji, kwa hiyo mama wa Burundi anaweza kuuomba. Kadi ya chakula ya SNAP imekuwa ngumu zaidi, kwa kuwa sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 iliwaondoa wakimbizi ambao hawajapata ukaazi wa kudumu. Familia yako ya kwanza imepita mwaka mmoja nchini, hivyo inaruhusiwa kuomba ukaazi huo, na ikiwa bado haijaomba, shirika lililowapokea lisikawie kuwajazia fomu.

Nakuja kwa mama wa Burundi, ambaye ndiye anayenitia wasiwasi zaidi, kwa sababu ya kile kitoto cha miezi minane. Kwa kawaida dozi ya kwanza hutolewa kati ya miezi 12 na 15, na ya pili kati ya miaka minne na sita, lakini wakati wa mlipuko idara ya afya inaweza kupendekeza dozi ya mapema kuanzia miezi sita, ambayo haihesabiwi, kwa hiyo mtoto atapata mbili nyingine baada ya kutimiza mwaka. Ikiwa mtoto huyo amekutana na mgonjwa na saa 72 zimepita, kuna sindano ya kingamwili inayoweza kutolewa ndani ya siku sita. Haya hayasubiri mama abadilishe imani. Muulize leo kama mtoto alikuwa chumba kimoja na mgonjwa, hata kama mgonjwa alikwisha kuondoka, kwa kuwa virusi vya surua hubaki hewani hadi saa mbili. Akisema ndiyo, piga simu idara ya afya kabla hujamaliza kusoma barua hii.

Usonji usimjibu kwa kumcheka. Madai hayo yalianza na makala ya daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, katika jarida la Lancet mwaka 1998. Jarida hilo liliifuta makala mwaka 2010, na daktari huyo akafutiwa leseni mwaka huohuo. Hata hivyo alikaribishwa kuzungumza na wazazi wa Kisomali huko Minneapolis, ambao walikuwa na hofu ya kweli kuhusu usonji wa watoto wao, na kwa miaka kadhaa uchanjaji katika jamii hiyo ukaporomoka, hadi mwaka 2017 Minnesota ikapata wagonjwa 75 wa surua, wengi wao watoto wa Kisomali. Msimulie kisa hicho kama kisa cha akina mama wenzake waliodanganywa, wala si cha akina mama wajinga. Kisha umwachie nafasi ya kuzungumza yeye. Mtu aliyekulia Burundi au Kongo huenda anaijua surua kuliko daktari kijana wa Ohio, kwa maana Marekani ilitangaza mwaka 2000 kwamba imeitokomeza, wakati nchini Kongo mlipuko ulioanza mwaka 2018 ulikuwa umeua zaidi ya watu 6,000 kufikia Januari 2020, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani. Muulize kama amewahi kuona mtoto wa surua kijijini au kambini. Ninadhani jibu lake litakuwa na uzito kuliko hotuba yako.

Hofu yake ya uhamiaji ni jambo jingine, nami nakuonya usimwahidi lisilo mikononi mwako. Mwaka 2025 serikali kuu iliikabidhi idara ya usalama wa ndani, inayosimamia mambo ya uhamiaji, taarifa za watu waliosajiliwa Medicaid, na suala hilo likaishia mahakamani, kwa hiyo ukimwambia kwamba hakuna anayeangalia popote, utapoteza imani yake siku atakaposikia habari hizo. Mwambie kilicho kweli: kumchanja mtoto katika idara ya kaunti au katika kituo cha afya cha jamii si kujisajili Medicaid, na anachoulizwa hapo kwa ajili ya chanjo ya bure ni umri wa mtoto na hali yake ya bima, si hati za mzazi. Vituo hivyo vya jamii hutoza kulingana na kipato, na havimfukuzi mtu kwa kukosa fedha. Kabla ya kujaza fomu ya Medicaid, azungumze na wakili wa kesi yake ya hifadhi. Na mtoto akipata shida ya kupumua, aende hospitali bila kujali lolote, kwani tangu mwaka 1986 sheria inazilazimu hospitali zenye idara ya dharura kumpima na kumtuliza mgonjwa wa dharura hata asiye na senti.

Waeleze akina mama wote wawili jinsi ya kuitambua surua: homa kali, kikohozi, mafua na macho mekundu huja kwanza, na upele hufuata siku chache baadaye, ukianzia usoni. Picha nyingi wanazoonyeshwa huku ni za watoto weupe, ilhali kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo wapapase uso na shingo kwa vidole na wachungulie madoadoa meupe ndani ya mashavu. Wakihisi ni surua, wapige simu kabla ya kwenda, wapokelewe kwa mlango wa pembeni, wasikae ukumbini na watoto wa wengine. Vitamini A wasiinunue dukani na kumnywesha mtoto kwa kukisia, kwani inapozidi ni sumu. Daktari ndiye hupanga kipimo. Mwanamke mwenye mimba asichanjwe chanjo hii, bali amwambie daktari upesi kama amekutana na mgonjwa.

Wajibu wako basi unaishia wapi? Acha kuwa mkalimani wa hospitali. Taasisi inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kumpatia mgonjwa mkalimani bila malipo, na wajibu huo unatokana na sheria ya haki za raia ya mwaka 1964. Kila mama ajifunze kutaja lugha yake kwa Kiingereza, na ataje iliyo yake hasa, kwa sababu mama wa Burundi huenda akaeleza maumivu ya mtoto vizuri zaidi kwa Kirundi. Mtoto wa darasa la nne asifanywe mkalimani wa mama yake mbele ya daktari. Familia ya kwanza ina haki ya huduma za shirika la wakimbizi hadi miaka mitano tangu ilipofika, kwa hiyo barua za umeme na miadi ya meno zirudi huko, kwa msimamizi wa faili lao, anayelipwa kwa kazi hiyo.

Mume wako ana hoja. Kaeni wawili, mkubaliane kiasi ambacho nyumba yenu inaweza kutoa kila mwezi, kikiisha kimeisha, na fedha za kodi ya mtu mwingine zisitoke humo tena bila yeye kujua. Yule mwenzako wa kazini huhitaji kubishana naye. Akirudia maneno hayo, mweleze tu kwamba mlipuko mkubwa wa Texas wa mwaka 2025 ulianzia hasa katika jamii ya Wakristo wa Kimenoni wa Gaines County, waliokaa huko miaka mingi, kisha uendelee na kazi yako. Na akiyasema mbele ya wazee mnaowatunza, mpeleke kwa msimamizi kwa maandishi.